Kwenda Melbourne kutembea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ifikapo Oktoba, baridi ikianza kulegea huku, simu yangu hujaa. Shangazi anataka kuja kumwona mjukuu, rafiki wa shule amealikwa mkutanoni, kijana nisiyemfahamu anauliza kama kuna vibarua. Nimechoka kuandika jibu lile lile kila mara, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mimi ni mkazi wa upande wa magharibi wa mji, mtu wa kupanda treni na kununua mboga sokoni, si wakala wa utalii. Bei na masharti ya viza hubadilika, kwa hiyo kabla hujatoa hata senti angalia tovuti ya serikali yenyewe.

Jina linatamkwaje?

"Melbeni", na hiyo "e" ya katikati imezwe. Ukisema "Melboni" utaeleweka, ila watajua umeshuka jana. Ni jina la waziri mkuu mmoja wa Uingereza, Lord Melbourne, na mji ulipewa mwaka 1837. Wenyeji wa asili, Wawurundjeri, mto unaopita katikati ya mji wanauita Birrarung. Ramani zinauita Yarra.

Kwa nini Melbourne na si Sydney?

Ukitaka picha moja ya kuwaonyesha watu nyumbani, nenda Sydney. Lile jumba la opera na lile daraja havina mpinzani. Melbourne haina picha ya namna hiyo. Utamu wake umetawanyika kwenye vituo vya treni, na ndiyo maana mgeni anayekaa siku tatu katikati ya maghorofa huondoka akisema hakuona kitu. Lala popote unapomudu, lakini kila siku panda treni, nenda mbali, shuka penye soko. Zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa mji huu walizaliwa nje ya Australia, na wengi wao hawakai karibu na hoteli yako.

Viza inapatikanaje?

Pasipoti zote za Afrika Mashariki, pamoja na ya Kongo, zinahitaji viza kabla ya kupanda ndege. Ya wageni ni namba 600, na huombwa mtandaoni kupitia akaunti ya ImmiAccount. Kisha unaweza kuitwa kwenye kituo cha maombi kutoa alama za vidole na picha.

Wanachopima ni kitu kimoja: huyu atarudi kwao? Barua ya mwajiri inayosema umepewa likizo na unatarajiwa kazini tarehe fulani ina uzito kuliko barua yangu tamu ya mwaliko. Taarifa ya benki ya miezi kadhaa, inayoonyesha pesa zikiingia na kutoka kawaida, ina uzito kuliko milioni zilizomwagwa kwenye akaunti juzi. Wanaijua mbinu hiyo. Ada ikishalipwa hairudi hata ukikataliwa. Na yule bwana anayesema "ana mtu ndani ya ubalozi" hana mtu. Ana mteja, ambaye ni wewe.

Ukitoka nchi yenye homa ya manjano, kama Kenya, Uganda au Kongo, beba cheti cha chanjo. Kiweke pamoja na pasipoti, si kwenye sanduku.

Nikiwa huko naweza kufanya vibarua kidogo?

Hapana. Viza ya matembezi hairuhusu kazi, hata ya kuosha vyombo.

Safari ni ndefu kiasi gani? Na saa zinatofautianaje?

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi wala Dar es Salaam. Wengi hupitia Doha, Dubai au Abu Dhabi, na kutoka Ghuba mpaka Melbourne ni kama saa 13 au 14 hewani. Wengine huzunguka kwa Johannesburg. Ukijumlisha na kusubiri, hesabu siku nzima na zaidi.

Melbourne iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 7. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba hadi Jumapili ya kwanza ya Aprili saa husogezwa, tofauti inakuwa 8. Kwa hiyo ndugu zangu, mnaponipigia saa tatu usiku baada ya chakula, mimi huku ni saa kumi au kumi na moja alfajiri. Nawapenda, lakini pigeni mchana.

Naweza kuja na dagaa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nalijibu taratibu.

Kabla ya kutua utapewa kadi ya kujaza. Inauliza kama umebeba chakula, mimea, mbegu, vitu vya mbao, ngozi, na hata kama viatu vyako vimekanyaga shamba. Weka alama ya NDIYO kwa kila kinachohusika. Ukishasema ndiyo, afisa atafungua begi, atatazama, kisha atakurudishia au atachukua. Basi, hakuna kesi. Balaa ni kusema HAPANA halafu mbwa akaja kuketi kando ya sanduku lako. Hapo kuna faini nzito papo hapo, na wapo wageni waliofutiwa viza pale pale uwanjani wakageuzwa.

Nchi hii ni kisiwa kikubwa kinachoishi kwa mifugo na mashamba, na magonjwa mengi ya kwetu ya ng'ombe hayajafika huku. Wanaogopa kweli. Nyama, matunda mabichi na mbegu za kupanda usijisumbue navyo. Majani ya chai na kahawa iliyokaangwa kwa kawaida hupita. Dagaa na pilipili ya kusaga hutegemea vilivyokaushwa na kufungwa, kwa hiyo vifunge vizuri vyenye lebo ya dukani, uvitaje, umwachie afisa aamue. Ngoma ya ngozi na kinyago chenye vitundu vya wadudu navyo vitajwe. Mama mmoja tuliyempokea alikuwa ameandika kila kitu kwenye karatasi, kuanzia iliki hadi mwiko wa mbao. Afisa aliisoma, akacheka, akachukua mfuko mmoja wa maharage, akamtakia matembezi mema.

Pesa taslimu zinazofikia dola 10,000 za Australia nazo lazima zitajwe. Sijawahi kuulizwa swali hilo na ndugu yangu yeyote.

Nije mwezi gani, na nibebe nguo gani?

Majira yamegeuzwa: Desemba hadi Februari ni kiangazi, Juni hadi Agosti ni baridi. Tarehe za kalenda hazikusaidii sana, kwa sababu hali ya hewa ya Melbourne hubadilika ndani ya siku moja. Upande mmoja kuna bara kavu linalopuliza joto kutoka kaskazini, upande wa pili bahari ya kusini, na ukielekea kusini-magharibi hakuna nchi kavu mpaka Antaktiki. Mji uko pale vinapokutana. Mchana unaweza kuwa nyuzi 38, upepo ukageuka kutoka kusini-magharibi, na kabla hujamaliza soda yako umeanza kutafuta sweta. Wenyeji hutoka na koti asubuhi yenye jua, na unaweza kudhani wamechanganyikiwa.

Baridi yenyewe haina theluji mjini, lakini nyumba nyingi za zamani hazihifadhi joto, na watu wa Arusha na Nyanda za Juu ndio pekee wanaoivumilia bila kulalamika. Watu wa pwani wenzangu, bebeni soksi nzito.

Mimi nasema njoo Machi, Aprili, Oktoba au Novemba. Angalia kalenda ya michezo tu: tenisi ya Australian Open huwa Januari, mbio za magari Albert Park huwa Machi, farasi wa Melbourne Cup Jumanne ya kwanza ya Novemba. Wiki hizo bei za hoteli hupaa.

Kiangazi kina moto wa msituni, na huo si hadithi. Tarehe 7 Februari 2009 mji ulifika nyuzi 46.4, na moto wa siku hiyo uliua watu 173 katika jimbo hili la Victoria. Ukienda nje ya mji miezi hiyo, weka programu ya VicEmergency kwenye simu, na siku ikitangazwa kuwa marufuku kuwasha moto usiwashe hata jiko la mkaa la kuchomea mishkaki.

Nikitua, nafikaje mjini?

Uwanja mkubwa uko Tullamarine, kama kilomita 23 kutoka katikati, na hauna treni. Basi la SkyBus linakupeleka moja kwa moja hadi kituo cha Southern Cross. Wenye haraka na mizigo huchukua teksi. Njia ya bei rahisi, ambayo sisi wenyeji tunaitumia, ni basi namba 901 hadi kituo cha Broadmeadows, halafu treni. Inachukua muda mrefu zaidi. Angalia pia tiketi yako isiwe ya uwanja wa Avalon, ambao uko karibu na Geelong.

Hiyo myki ni kitu gani?

Ni kadi ya nauli. Unainunua, unaiwekea pesa, unaigusisha kwenye mashine unapoingia kwenye treni, basi au tramu. Kadi moja inatumika kwa vyote, na ukifika kiwango fulani cha siku haikati tena hata ukizunguka mpaka usiku.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi: tangu mwaka 2023 treni na mabasi ya mikoani nayo yana kikomo hicho hicho. Yaani kwa kama dola 11 kwa siku unaweza kwenda Ballarat, Bendigo au Geelong na kurudi. Kwa nchi yenye bei kama hizi, huo ni muujiza. Utumieni.

Katikati ya mji tramu ni bure kabisa, huhitaji kugusisha kadi. Mtandao wa tramu wa Melbourne, wenye kilomita zipatazo 250, ndio mrefu kuliko wote duniani. Lakini eneo la bure lina mpaka, na mpaka huo hauna lango wala kizuizi. Mgeni wangu mmoja alipanda pale Flinders Street akielekea jumba la sanaa upande wa pili wa mto, kituo kimoja tu mbele. Kituo hicho kiko nje ya mpaka. Wakaguzi walikuwa ndani. Alilipa faini ya mamia ya dola kwa safari ambayo angetembea kwa dakika tano, na mpaka leo akisikia kengele ya tramu ananuna.

Ugali utapatikana?

Utapatikana, na utapata vitu ambavyo hukuvifikiria.

Anza na Footscray, vituo vichache tu magharibi mwa Southern Cross. Hapa palikuwa mtaa wa viwanda. Baada ya vita vya pili vya dunia walikuja Wagiriki na Waitaliano, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 Wavietinamu, kisha Waethiopia, Waeritrea na Wasudani. Ukishuka stesheni unasikia lugha nne kabla hujavuka barabara. Migahawa ya Kiethiopia imejipanga karibu na mitaa ya Nicholson na Barkly. Injera yao ni kubwa kama meza, kwa hiyo agizeni moja watu wawili. Madukani kuna unga mweupe wa mahindi, mihogo iliyogandishwa, ndizi za kupika, mafuta ya mawese. Ndani ya soko samaki wapo wazima na vichwa vyao, na hakuna atakayekushangaa ukichagua kwa kuangalia macho.

Upande wa pili wa mji, kama kilomita 30 kusini-mashariki, kuna Dandenong. Wakazi wa manispaa hiyo wametoka nchi zaidi ya 150. Mtaa wa Thomas ni wa Waafghani: mkate mrefu wa moto, pilau yenye karoti na zabibu kavu, vitambaa vya arusi. Mtu wa Unguja akionja pilau ile atakuwa na maoni. Njiani, kwenye reli hiyo hiyo, Springvale ina supu ya tambi ya Kivietinamu na Kikambodia, na Oakleigh ina Wagiriki wanaokunywa kahawa barazani mpaka usiku wa manane wakibishana, kama wazee wa Mji Mkongwe na bao lao.

Wachina wako Little Bourke Street tangu miaka ya 1850, walipokuja kutafuta dhahabu. Waitaliano wa Lygon Street, Carlton, wamezidi kuwa wa watalii sasa, na mhudumu akisimama mlangoni akikuvuta mkono, pita. Waturuki na Walebanoni wako Sydney Road, Brunswick na Coburg.

Kahawa ni dini ya pili ya mji huu. Inakuja na maziwa, ndogo, na bei yake itakufanya ukumbuke yule muuzaji wa birika na vikombe vya kugongana. Agiza moja tu, kaa nayo.

Chakula halali na misikiti ipo?

Ipo tele. Sydney Road, Dandenong, Footscray na Preston hutahangaika. Kwa Ijumaa, hata kama uko mbali, jaribu msikiti wa Newport ulioundwa na Glenn Murcutt, msanifu mashuhuri wa nchi hii. Hauna mnara. Paa lake lina vibanda vya vioo vya rangi, jua likizunguka rangi nazo zinatembea juu ya mazulia.

Wakristo nao hawatakosa. Yapo makanisa ambayo ibada ya mchana ni ya Kiswahili cha Kongo na Burundi, na kwaya zake hazina haraka ya kumaliza.

Kiswahili kinasikika huko?

Kinasikika kwenye basi, sokoni, kwenye viwanja vya mpira Jumapili. Wengi wa wasemaji si Watanzania wala Wakenya, bali Wakongo na Warundi waliopitia kambi za wakimbizi, zikiwemo za Kigoma na Kakuma, na watoto wao wanachanganya Kiswahili na Kiingereza cha Australia kwa namna itakayokuchekesha. Shirika la utangazaji la SBS lina idhaa ya Kiswahili. Na ukikwama hospitalini au polisi, huduma ya wakalimani ya serikali, namba 131 450, hukuunganisha na mkalimani wa Kiswahili kwa simu.

Halafu kuna ile habari ya sarafu. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu za shaba ufukweni kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi. Baadaye ikagundulika baadhi yake zilifuliwa Kilwa, enzi za masultani. Zilifikaje, wataalamu bado wanabishana. Ni mbali sana na Melbourne, lakini mwenyeji akikuuliza kwa mshangao "mmefikaje huku?", una jibu.

Nina siku moja tu katikati ya mji. Nione nini?

Anza soko la Queen Victoria, lililofunguliwa rasmi mwaka 1878. Jumatatu na Jumatano limefungwa, usije ukalalamika. Sehemu yake imejengwa juu ya makaburi ya zamani, na maelfu ya watu bado wamelala chini ya lami ile. Kula andazi la moto lenye jemu kwenye lile gari, kila mtu hupanga foleni.

Kutoka hapo shuka hadi maktaba ya jimbo, uingie ukumbi wa kuba uliofunguliwa 1913. Ni bure, na mtu yeyote anaweza kuketi akasoma. Pita vichochoroni, vile vyembamba vyenye michoro ukutani na vibanda vya kahawa, mpaka Flinders Street. Jumba la sanaa la NGV nalo halina kiingilio kwa maonyesho ya kawaida.

Lakini kama una saa mbili tu, mimi ningekupeleka Makumbusho ya Uhamiaji, ndani ya jengo la forodha la zamani. Mwaka 1901 bunge la kwanza la Australia lilifunguliwa hapa hapa Melbourne, kwenye jumba la Royal Exhibition Building ambalo bado limesimama. Miongoni mwa sheria zake za mwanzo ilikuwa ya kuwazuia wasio Wazungu kuingia. Haikuandika rangi. Ilisema afisa anaweza kukusomea maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya, uyaandike. Ukijua Kiingereza, akipenda anakusomea Kijerumani. Siasa hiyo ilizikwa kabisa mwaka 1973. Ukitoka hapo, panda treni ya Footscray ukiwa na hayo kichwani.

Wenyeji wa asili wako wapi?

Wapo, na ardhi hii ilikuwa yao kwa makumi ya maelfu ya miaka. Katika mikutano, shuleni, hata kwenye mechi, utasikia watu wakianza kwa kuwataja na kuwaheshimu wazee wa kabila la mahali hapo. Kaa kimya na usikilize. Ukiwa na muda wa kwenda mbali, kusini-magharibi mwa jimbo kuna Budj Bim, ambako Wagunditjmara walichimba mifereji na kujenga mitego ya mawe ya kufugia mikunga tangu miaka ipatayo 6,600 iliyopita. UNESCO iliiandikisha mwaka 2019.

Nje ya mji niende wapi?

Wote mtasema Great Ocean Road, na mna haki. Ilichimbwa kati ya 1919 na 1932 na askari waliorudi kutoka vita vya kwanza, kwa sururu na koleo, kama kumbukumbu ya wenzao waliokufa. Barabara imeng'ang'ania jabali, chini bahari inavuma. Kule mwisho kuna nguzo za mawe zilizosimama majini, zinazoitwa Mitume Kumi na Wawili. Hazijawahi kuwa kumi na mbili, na mwaka 2005 moja ilianguka mbele ya watu. Jirani yake palikuwa na daraja la mwamba, na Januari 1990 lilivunjika huku watalii wawili wakiwa wamesimama upande wa baharini. Ilibidi helikopta iwafuate. Msivuke uzio kwa ajili ya picha.

Kosa la wengi ni kuifanya safari hii kwa siku moja, kwenda na kurudi. Utaona kioo cha basi kuliko bahari. Lala usiku mmoja Lorne au Apollo Bay.

Kisiwa cha Phillip, kama kilomita 140, kina pengwini wadogo, urefu wao ni kama wa rula ya shule. Kila jioni jua likizama hutoka baharini kwa makundi, wakasimama ufukweni wakisitasita, kisha wote mbio kuelekea mashimoni. Kata tiketi mapema. Kupiga picha hairuhusiwi, macho tu. Vaa koti hata kama ni Januari.

Kwa wenye watoto, treni ya moshi ya Puffing Billy huanzia Belgrave, mwisho wa reli ya kawaida, na hupita kwenye msitu wa mikalitusi mirefu ajabu.

Mimi binafsi nawapeleka wageni Ballarat. Dhahabu ilipatikana mwaka 1851, na dunia nzima ikakimbilia huko. Serikali ikawatoza wachimbaji ada ya leseni kila mwezi, wapate wasipate. Tarehe 3 Desemba 1854 waliojenga ngome yao pale Eureka walivamiwa na askari alfajiri. Walioshtakiwa kwa uhaini walikuwa 13, na wa kwanza kupandishwa kizimbani alikuwa John Joseph, Mmarekani mweusi. Baraza la wazee wa mahakama likamwachia, na umati ukambeba juu ya kiti mitaani Melbourne. Ukifika Ballarat, muulizie. Kijiji cha Sovereign Hill, kilichojengwa upya kama enzi hizo, kina kijito ambacho unaweza kuchekecha mchanga na kuondoka na punje mbili za dhahabu ambazo hazitanunua hata chai.

Na tafadhali, Werribee kuna mbuga ya wanyama ya wazi yenye twiga, vifaru na pundamilia. Usinilipishe nauli nikupeleke kuangalia twiga. Kangaruu utawaona nje ya mji wakati wa magharibi, bure.

Naweza kuendesha gari?

Wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo Watanzania, Wakenya na Waganda hawapati shida. Wakongo na Warundi wawe waangalifu. Leseni isiyo ya Kiingereza inahitaji tafsiri. Barabara za kulipia hazina vibanda, kamera inasoma namba ya gari, kwa hiyo muulize mwenye gari la kukodi bili inalipwaje. Kushika simu ukiendesha ni faini kubwa sana.

Katikati ya mji kuna kioja: kwenye makutano mengine yenye tramu, anayekata kulia huanzia upande wa kushoto. Unasogea kushoto kabisa, unasubiri taa ya barabara unayoingia iwe kijani, ndipo unazunguka. Mara ya kwanza nilizunguka mtaa mzima kwa kushoto ili nisiifanye. Magharibi na alfajiri vijijini punguza mwendo, kangaruu haangalii kulia wala kushoto.

Ni kweli Waafrika wanabughudhiwa?

Sitawadanganya. Mwaka 2018, ulipokaribia uchaguzi wa jimbo, baadhi ya wanasiasa na magazeti walipiga kelele kuhusu "magenge ya Kiafrika", na vijana wengi, hasa wenye asili ya Sudan Kusini, walibebeshwa makosa ya wachache. Wapo waliokuwa wakifuatwa na mlinzi dukani kabla ya hapo, na wapo wanaofuatwa leo. Mgeni wa wiki mbili atakutana zaidi na udadisi, na kuulizwa "umetoka wapi?" mara nyingi ni mazungumzo tu. Usiku kwenye treni kaa behewa la mbele karibu na dereva, kama ambavyo ungefanya mji wowote mkubwa.

Ukitaka kuona upande mwingine, nenda mechi ya futiboli yao pale MCG, uwanja unaobeba watu 100,000. Mpira una umbo la yai, timu ina wachezaji 18, sheria zake ziliandikwa mji huu mwaka 1859. Majak Daw, aliyezaliwa Sudan, alianza kucheza ligi kuu mwaka 2013. Aliir Aliir alizaliwa Kakuma, Kenya. Anaporuka kudaka mpira, mzee wa Kizungu mwenye skafu ndiye anayepiga kelele kuliko wote.

Nikiugua?

Nunua bima ya safari kabla hujaondoka, kwa sababu huduma ya afya ya bure ya wakazi haikuhusu, na kulazwa siku moja tu ni pesa za kiwanja. Dharura ni 000. Antibayotiki huuziwi bila cheti cha daktari, kwa hiyo dawa zako za kila siku zibebe kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari. Soketi zao nazo ni tofauti na zetu, leta adapta. Nyoka na buibui mnaowaogopa, mimi nimewaona zaidi kwenye jumbe mnazonitumia.

Nikialikwa kwa mtu?

Watakuita kwa jina lako la kwanza, hata mtoto wa miaka kumi, na hawana nia mbaya. Ukiambiwa saa moja, ni saa moja. Hotelini bakshishi si lazima, ingawa siku za sikukuu migahawa huongeza asilimia kwenye bili. Na ukialikwa ukaambiwa "uje na sahani", usije na sahani tupu kama nilivyofanya mimi mwaka wa kwanza, nikidhani vyombo vyao havitoshi. Maana yake ni uje na chakula cha kuchangia. Sambusa zinatosha, na zitakwisha kabla ya vyote.

Tunaweza kufikia kwa ndugu?

Mnaweza, wengi ndivyo wanavyofanya. Ila ndugu yako yuko kwenye zamu ya usiku ya kutunza wazee, au ghalani anapakia mizigo, na likizo yake haipatikani kwa kuomba leo. Mwambie miezi miwili kabla. Usitegemee akupeleke kila mahali. Mwombe siku moja, zinazobaki zunguka na kadi yako ya myki. Changia manunuzi ya wiki bila kusubiri kuulizwa, kwa sababu hatakuuliza. Maji ya kuoga moto yanatoka kwenye tangi na yanaisha, kwa hiyo oga haraka. Na umletee kitu cha nyumbani: kanga, majani ya chai, karafuu zilizofungwa vizuri na kutajwa kwenye kadi.